Majina kwenye Pindo la Mleo

Siku ya kwanza tulikuwa wanne chumbani, na ninawataja wote kwa sababu mkipanda zile ngazi leo hamtamkuta hata mmoja. Alikuwapo Mama Hansa, mwenye duka la vitambaa la chini, hapa Mirongo, Mwanza. Chumba kilikuwa chake, cherehani kilikuwa chake, na kibaraza nilichoshonea nguo za watu kwa miaka sita kilikuwa chake pia. Alikuwapo Mwalimu Deo, aliyewafundisha watoto wawili wa Mama Hansa shule ya msingi, akaacha chaki kwa hiari yake, akaja kuomba chumba. Alikuwapo Magesa, Mjita, aliyekuwa akiita abiria kwenye kivuko cha Sengerema kwa mdomo wake mtupu kabla ya spika kufungwa. Mwalimu Deo alimkuta palepale kivukoni, akamfuata kwa ajili ya ile sauti. Na mimi Kabula, ambaye sikuwa ndugu wala mwanafunzi wa mtu yeyote mle ndani. Niliitwa juu kwa sababu Mwalimu alihitaji mtu wa kushona mkia.

Neema, wewe na Baraka ndio mlioniambia niandike, ili na wale wanaokuja nyuma yenu wasome. Nimesoma hadi darasa la tatu. Mkiona herufi kubwa mahali pasipo pake, irukeni, msinitumie ujumbe.

Kwa asiyetujua, kazi yetu ni kutunga viumbe. Mwalimu Deo alikuwa na nchi yake kichwani aliyoiita Kule, na Kule kulikuwa na sharti moja: hakuna binadamu hata mmoja. Kuna jamii zinazoongea, zinazooana, zinazogombea mipaka, lakini mtu hayupo. Sisi tulizitunga hizo jamii, tukazishonea miili ya vitambaa, tukazipeleka mashuleni kuzichezesha juu ya shuka jeusi, sisi wenyewe tukiwa tumejificha nyuma yake. Siku hizi mnazichora kwenye kompyuta na watu wanazitazama kwenye simu. Nchi ni ileile.

Mkia niliushona ukawa mzuri, nikapata kichwa kikubwa. Nikasema nami nitatunga. Nikaenda nyumbani na vipande vya kitambaa, nikarudi na mwanamke mwenye masikio ya mbuzi na mabawa ya kitenge. Mwalimu Deo alimgeuza mbele, akamgeuza nyuma.

"Huyu anakula nini?"

"Ugali," nikasema.

"Anaogopa nini?"

"Nyoka."

"Akipotelewa na mwenzake anafanya nini?"

"Analia, Mwalimu. Afanye nini tena?"

Akamlaza mezani polepole kama mgonjwa. "Kabula, huyu ni jirani yako kavaa mabawa."

Magesa alicheka hadi akashika dirisha. "Tena namjua," akasema, "anauza mihogo pale sokoni."

Nilifumua yule mwanamke mshono kwa mshono, na masikio yake yakaja kuwa viatu. Ndipo Mwalimu aliponipa yale maswali manne, nami nawapa nyinyi kama nilivyopewa. Anakula nini. Anaogopa nini. Anasalimiaje. Akipotelewa na mwenzake anafanya nini. Ukiona majibu yote manne yanakufaa wewe mwenyewe, umetunga mtu. Fumua.

Wajabali ndio jamii ya kwanza niliyoona ikizaliwa, na aliyewazaa ni Mama Hansa, ingawa kwenye daftari la Mwalimu hakuandikwa. Alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake, anatazama ile milima ya mawe yaliyopandana. Alizaliwa hapahapa Mwanza, Kisukuma alikijua kuliko wajukuu zangu. Akasema, bila kugeuka, "Hawa wanakula joto la jua. Ndiyo maana hawahami. Wewe ungehama ukiwa umekaa juu ya sahani?" Mwalimu akaandika. Wajabali tukawashona kwa gunia, na hapa vijana nisikilizeni: gunia lifuliwe kwa sabuni mara mbili, likaushwe juani, lishonwe kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, lijazwe maranda ya mbao. Gunia lililobeba dagaa msiliguse, hata mlifue mwaka mzima. Tuliwahi kulitumia, na katikati ya onyesho walipanda paka watatu wakambeba mfalme wa Wajabali.

Baada yao wakaja Waelea, wanaoishi juu ya magugumaji, ambao nyumba ikilala hapa inaamkia pengine, kwa hiyo hawaulizani habari za nyumbani, wanaulizana nyumbani ni wapi. Hao walikuwa wa Mwalimu. Walikuwa wazuri. Lakini ninaotaka kuandika habari zao ni Waleo, ambao nyinyi mmewasikia tu.

Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama moshi, hadi mgeni anadhani kuna kitu kinaungua. Upepo ukiwaleta mjini mnafunga madirisha. Asubuhi moja waliingia Mirongo kwa wingi, na nilipokuja nikakuta kibaraza chote kimefunikwa na waliokufa. Nikachukua fagio. Magesa alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa chai.

"Hawa jana walikuwa wazima," nikasema.

"Walikuwa na haraka."

"Haraka ya nini, mtu asiyejua kama kuna kesho?"

Akaacha kunywa. Aliniangalia mimi, akaliangalia fagio, akaweka kikombe chini kikiwa na chai nusu, na yeye si mtu wa kuacha chai. Nikamsikia anapanda ngazi mbili mbili, anaita, "Mwalimu! Mwalimu Deo! Kabula kapata watu!"

Tukakaa na yale maswali. Wanakula nini? Hawali, hawana muda. Wananusa chakula cha wengine wakashiba. Wanaogopa nini? Hapo Magesa alijibu mara moja: wanaogopa kusubiri. Mjabali akimwambia Mleo "ngoja kwanza nifikirie", Mleo anazeeka palepale mlangoni. Wanasalimiaje? Kwa saa. Mleo wa asubuhi ni mtoto, unamwambia hujambo. Yuleyule ukikutana naye mchana ni mtu mzima mwenzio. Jua likiinama unampa shikamoo yake, na usipoitoa anakasirika kuliko mzee yeyote wa huku kwetu. Na neno "kesho" hawana. Magesa aliweka hilo kama sheria: ndani ya kinywa cha Mleo hilo neno halitaingia.

Swali la nne, la kupotelewa na mwenzake, hatukulijibu. Mwalimu alisema litajijibu, maana Magesa alikuwa ameshaanza kutafuta sauti na hakuna aliyeweza kumzuia. Jamii ile ikapita ikiwa na majibu matatu. Hilo lilikuwa kosa letu, msilirudie.

Mwili wa Mleo nilishona mmoja tu. Chandarua kilicholowekwa kwenye majani ya chai hadi kikapata rangi ya vumbi la jua, kichwa cha kibuyu kidogo, macho ya shanga, mabawa yamenyooshwa kwa spoku za baiskeli. Tulijaribu fito, zinavunjika. Tulijaribu waya, unajikunja. Spoku ya zamani ndiyo yenyewe. Magesa alishika kichwa na bawa la kulia, mimi bawa la kushoto. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Kila onyesho alizaliwa Mleo mpya ndani ya mwili uleule, na kila mmoja alipewa jina lake, na jina Magesa alilichukua kwenye kitu cha kwanza kilichomshika macho asubuhi hiyo njiani. Siku tuliyopasukiwa na tairi Mleo aliitwa Pancha. Yuko aliyeitwa Kandambili. Yuko aliyeitwa Bibi Harusi Amechelewa, kwa jina refu, maana tulimpita bibi harusi amesimama kando ya barabara anapigia watu simu.

Kisesa ndiko tulikoaibika kwanza. Onyesho lilikuwa la saa tatu asubuhi, mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope, tukafika saa kumi kasoro. Watoto walikuwa wametusubiri, wakaketi chini uwanjani. Magesa alikuwa amejiandaa kwa asubuhi. Akamtoa Mleo juu ya shuka kwa sauti nyembamba ya mtoto: "Hamjambo wenzangu! Mimi naitwa Tope, nimezaliwa sasa hivi!"

Kisha mtoto mmoja akapaza sauti, "Muongo! Saa kumi sasa!"

"Huyo ni babu!" akadakia mwingine. "Tope, wewe ni babu!"

Na shule nzima ikasimama, kama wanavyosimama mgeni akiingia darasani, wakasema kwa pamoja, "Shikamooo!"

Mwalimu wao alikuwa amewasimulia habari za Waleo wakati wakitusubiri, nao wakazishika kuliko sisi wenyewe. Halafu nikaona mgongo wa Mleo unapinda, bawa la kulia linaanza kutetemeka, nami nikatetemesha la kushoto, na ikatoka sauti ya mtu wa miaka themanini: "Marahabaa, wajukuu zangu. Mniwie radhi. Uzee umenikuta njiani, gari lilikwama."

Walicheka hadi walimu wakakaa chini. Tangu siku hiyo Mleo alizaliwa kufuata saa ya ukutani ya shule, sio saa ya daftari letu.

Sengerema ndiko tulikofundishwa. Tulivuka asubuhi, jina la siku likawa Kivuko. Mwisho wa onyesho Magesa alimzeesha, akamkunja mabawa, akasema ile kauli aliyosema kila Mleo akimaliza: "Nimeshiba mchana." Kichwa kikashuka. Watoto wakapiga makofi, wakatawanyika. Mmoja akabaki. Alikuwa msichana wa darasa la pili hivi, anaitwa Mbuke, kakaa palepale chini, mwalimu wake anamvuta mkono. "Mbuke, twende, wenzio wamekwenda." Haendi.

Magesa akatoka nyuma ya shuka, Mleo bado yuko mkononi, akachuchumaa mbele yake.

"Nini, mama?"

"Nani atamkumbuka?"

"Nani huyo?"

"Kivuko. Nani atakumbuka kwamba alikuwa anaitwa Kivuko?"

Magesa, mtu aliyelishwa na mdomo wake, akageuka akanitazama. "Huyu mama hapa," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Mbuke akanigeukia, jicho kavu kabisa. "Taja."

"Kivuko," nikasema.

"Na wa kabla yake?"

"Tope."

"Na wa kabla ya huyo?"

"Kandambili. Kabla yake Bibi Harusi Amechelewa. Kabla yake Pancha." Nikaenda hivyo hadi wa kwanza kabisa, aliyeitwa Fagio. Alisikiliza wote. Kisha akasimama, akajipangusa gauni, akaondoka bila kuaga. Mwalimu wake alituambia baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba mama yake alizikwa mvua zilizopita.

Wakati wa kurudi, kwenye kivuko, Magesa akasema, "Swali la nne hilo limejibiwa."

"Umeniuliza mimi kama nitaweza?"

"Wewe unakumbuka hata majina ya ng'ombe wa babu yako."

"Walikuwa wawili."

"Wataje."

"Mabala na Kijiko."

Alicheka safari yote ya maji. Tukamwambia Mwalimu Deo, akaandika: Mleo akipotelewa na mwenzake halii, anachukua jina lake analipeleka kwa kiumbe aishiye muda mrefu, akamtunzie. Mimi sikuamini kichwa changu kutosha, kwa hiyo nikamwomba Mama Hansa kitambaa cha shati kilichobaki kwenye robota, nikakishona ndani ya pindo la Mleo, na kila baada ya onyesho nikatarizi jina kwa uzi wa rangi ya chai. Herufi zangu si nzuri. Pindo likijaa naongeza ukanda mwingine. Mama Hansa akawa anatutania, "Mleo wenu sasa amevaa sketi, mtafutieni mume."

Ndivyo tulivyoishi. Sina la kuwaambia kuhusu nani aliitwa meneja na nani aliongezewa nini. Siku hizo hazikunishika. Nilichoshika ni pindo. Nikilipitisha kwenye vidole najua tulikuwa wapi. Mbuzi Kwenye Pikipiki, hiyo ni Magu. Sare Mpya, ni shule moja ya Igoma ambako watoto walikataa kukaa chini wasichafuke. Perege Mkubwa, Magesa alimwona soko la samaki akashindwa kuongea jambo jingine. Ukimya, ni asubuhi aliyokufa Mama Hansa. Tulikwenda hivyohivyo kwa sababu watoto walikuwa wameahidiwa, na Magesa alisema kitu cha kwanza alichokiona ni duka halijafunguliwa. Miaka kumi na minne bega langu la kulia lilikuwa upande wake nyuma ya lile shuka. Jasho lake lilinuka sabuni ya mche na chai. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, na yeye mkewe pia. Hatukuwahi kuzungumza lolote la zaidi ya kazi, na kazi ilitutosha, au nilidhani inatutosha. Mtanisamehe, hapo sitaongeza.

Nilikosa onyesho moja tu. Nilikuwa na mtoto wa jicho, daktari akasema siku ni hii au nisubiri hadi mwaka mwingine. Wakaenda Kisesa bila mimi, shule ileile ya shikamoo, saa nne asubuhi. Magesa alishika mabawa yote mawili peke yake, sijui alifanyaje, na Mwalimu Deo alipiga ngoma. Onyesho lilipokwisha Magesa hakurudi Mirongo. Dada yake aliyeko Majita alikuwa anaumwa, akasimama barabarani na mfuko wake, akapanda basi la Musoma. Mwalimu akarudi na Mleo ndani ya boksi.

Jioni hiyo nikiwa na bandeji jichoni simu ikalia.

"Kabula. Unaona?"

"Naona nusu. Jina?"

"Watoto leo wamecheka, acha tu! Wamecheka hadi nikapoteza bawa la kushoto. La kwako hilo."

"Magesa, jina. Nimeshatunga uzi kwenye sindano."

"Umetunga uzi kwa jicho lipi?" Akacheka. "Hili si jina la kwenye simu. Nitakupa mwenyewe nikirudi."

"Lini?"

Akajibu kwa sauti ya Mleo, ile nyembamba ya asubuhi: "Leo!"

"Basi uje na dagaa," nikasema, nikakata simu, kwa sababu bandeji ilikuwa inaniwasha. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Uje na dagaa.

Siku ya nne alikula mchana kwa dada yake, akajilaza kibarazani, hakuamka. Mwalimu Deo ndiye aliyepanda ngazi kuniambia. Nilikuwa nimekaa na Mleo mapajani, sindano imechomekwa pindoni mahali pa kuanzia.

Nilimuuliza Mwalimu lile jina pale pale, jamani, kabla hata sijauliza mazishi lini. Akasema hakumbuki. Alikuwa anaangalia watoto wasikanyage kamba za shuka. Anakumbuka tu kwamba jina lilipotajwa walicheka. Nilikasirika naye mwaka mzima, mtu aliyeandika kila kitu kwenye daftari. Siku hizi yuko Sengerema kwa binti yake, na nikienda kumsalimia ananiita Hansa. Sikasiriki tena.

Mleo nilimfunga kwenye khanga, nikamweka sandukuni kwangu. Watoto mashuleni waliuliza Waleo wako wapi, na Mwalimu akawajibu wamesafiri. Mkaja nyinyi, Neema na Baraka, na kompyuta zenu. Mara ya kwanza Neema alipokuja kuniomba aliingia kwa adabu zote.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Sema unachotaka, hiyo shikamoo ina kitu mgongoni."

"Tunataka kuwarudisha Waleo, Bibi. Watu wanawauliza."

"Hawarudi."

Mara ya pili alisema wanahitaji kuuona mwili tu, wapige picha. Nikamwambia panya wamemla. Nilidanganya, Neema, na wewe ulijua, ulinitazama, ukanimiminia chai.

Kisha ikaja siku ile mwaka huu, wiki moja kabla ya kunikatia keki ya kustaafu. Baraka aliniita mezani kwake, kafurahi kama kapata mtoto. Alikuwa amewachora Waleo bila mwili, kwa kusikia tu. Wazuri kweli, mabawa yanapitisha mwanga. Akabonyeza, Mleo akapeperuka kwenye kioo, akamfikia Mjabali, akamwambia kwa sauti ya Baraka: "Tutaonana kesho, babu."

Nilihisi kama mtu kaingia kwa Magesa na viatu. Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, Baraka unayajua. Nikakwambia huyo si Mleo, huyo ni jirani yako kavaa mabawa. Nikakwambia umewaua.

Wewe hukunijibu kwa hasira. Ulisimama tu, mikono nyuma, ukasema, "Bibi, tungejuaje? Hukutuambia."

Nilienda kukaa kwenye ngazi, mahali alipokuwa anakunywa chai yake. Nikaona ni kweli. Swali la nne Mbuke alilijibu kwa ajili yetu sote, majina yapelekwe kwa aishiye muda mrefu, na mimi niliyapokea nikayafungia. Mimi si Mjabali. Nina miaka sabini na moja na jicho moja zuri. Tukiendelea hivi nitaondoka nayo, na Waleo watabaki wanaagana kwa kesho.

Asubuhi iliyofuata nikawaletea khanga, nikaifungua mbele yenu. Chandarua kimechakaa kidogo bawani, spoku moja imeota kutu, kichwa kizima. Panya hawakumgusa. Neema ulishika pindo ukasoma moja moja, kwa sauti, na kila jina nikakuambia lilikuwa wapi. Ulipofika mwisho ukakuta sindano bado imechomekwa, na kutu yake imeacha alama.

"Hapa ni nani, Bibi?"

Nikakuambia. Baraka akasema tumpe jina lingine, Bibi, hata la leo, watoto hawatajua. Neema akamkanyaga mguu chini ya meza, nilimwona. Baraka mwanangu, sikukasirika. Lakini pale pana mtu. Alizaliwa, akasema jina lake mbele ya shule nzima, akachekwa vizuri, akashiba mchana. Mkirudisha Waleo, na nimewaruhusu mrudishe, anzeni pindo jipya kwa majina yenu, ya vitu vya kwanza mnavyoviona nyinyi wenyewe njiani. Ile nafasi iacheni. Ni ya upana wa vidole vinne. Na sindano iliyokuwapo badilisheni, ina kutu, lakini mpya muichomeke palepale.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Inawezekana nimemweka Kandambili kabla ya mahali pake, na sina hakika kama paka walikuwa watatu au wawili. Aliyekuwapo anisahihishe, sitanuna. Na kama ulikuwa mwanafunzi Kisesa asubuhi ile ambayo babu mmoja mfupi alishika mabawa yote mawili peke yake, na mlicheka hadi akapoteza la kushoto, wewe sasa ni mtu mzima, labda una watoto. Wewe unalo jina. Mimi sikuwapo. Njoo Mirongo, panda ngazi za duka la vitambaa, uliza Neema, naye atatuma mtu niitwe. Usiniambie kwa simu. Nataka nikae mbele yako unitajie alikuwa ameona nini njiani siku ile, nikiwa sipo.